Kiasi Katika Nchi ya Chai

Mwezi wa Oktoba uliopita nilisafiri kutoka Nakuru kwenda Kericho na Bomet. Safari yenyewe haikuwa ndefu: siku tatu tu, kwenda na kurudi. Lakini kwa kuwa nilikwenda na shauri moja nikarudi na jingine, nimeona yafaa niwaandikie wenzangu, hasa wale waishio kwa mshahara wa mwisho wa mwezi au kwa malipo ya mavuno, maana nadhani yaliyonipata mimi yamewapata wengi.

Shauri nililokwenda nalo ni hili. Mimi ni karani. Mwanzoni mwa mwaka jana nilipandishwa cheo, na mshahara wangu ukaongezwa. Watu hudhani ya kuwa mtu aliyeongezewa mshahara hupungukiwa madeni. Kwangu mimi ilikuwa kinyume. Nilihamia nyumba kubwa zaidi. Nilinunua viti vya kifahari kwa malipo ya kidogo kidogo. Nikawa mtu wa kuwalipia wenzangu chakula kila Ijumaa, nao wakanisifu, nami nikazipenda sifa zao. Fedha zilipokwisha kabla ya mwisho wa mwezi, nilikopa kwa simu; na siku ya kulipa ilipofika, nilikopa mahali pengine ili nilipe pale pa kwanza. Hata kufikia Oktoba deni langu lilikuwa mishahara miwili na nusu.

Ndipo nikamkumbuka mzee mmoja wa Konoin, katika Bomet, baba wa rafiki yangu niliyesoma naye. Mzee huyo ni mkulima wa chai. Nilijua ya kuwa wakulima wadogo wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani waliyopeleka, na karibu na Oktoba hulipwa malipo ya pili ya mwaka, yaitwayo bonasi. Nikasema moyoni, "Nitakwenda kumwamkia, nikiisha kumwamkia nitamwomba anikopeshe."

NJIA YA KUPANDA MAU

Gari liliondoka Nakuru asubuhi. Njia hupanda pole pole mpaka Mau Summit, ambako baridi huingia hata ndani ya gari lililojaa watu. Hapo barabara hugawanyika, na yule aendaye Kericho hushika mkono wa kushoto. Tulipita njia panda ya Londiani, kisha Kedowa na Chepseon, katikati ya mashamba ya mahindi na viazi na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Halafu, karibu na Kericho, mahali paitwapo Brooke, mambo hubadilika ghafula. Chai huanza, na ikiisha kuanza haina mwisho. Vilima na mabonde, kulia na kushoto, vimefunikwa kwa rangi moja ya kijani, na uso wake umesawazishwa kama kitambaa kilichonyoshwa kwa pasi. Jina hilo la Brooke limetokana na kampuni ya Brooke Bond, ambayo pamoja na kampuni ya James Finlay ilianza mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920. Chai yenyewe ilipandwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903.

Sababu ya chai kuipenda nchi hii si siri. Kericho iko juu, kadiri ya mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mara nyingi hunyesha alasiri, baada ya jua la asubuhi. Udongo ni mwekundu, wenye kina, na wa ukali ule ambao chai huutaka. Adui mkubwa ni mvua ya mawe, ambayo hapa huanguka mara nyingi sana. Huweza kulichana shamba zima kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Abiria mmoja aliyekaa karibu nami, mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi katika mashamba hayo, aliniuliza, "Bwana, je, wajua ya kuwa hivi unavyoviona si vichaka?" Nikamjibu ya kuwa sijui. Akanieleza ya kuwa chai ni mti kama miti mingine. Ukiachwa ukue upendavyo hupanda mita 10 na kupita, utoe maua na mbegu, na majani yake yawe magumu yasiyofaa kitu kwa mnywaji. Bali mkulima huukata ungali mchanga, akaulazimisha utanuke badala ya kurefuka, akauweka usawa wa kiuno cha mtu. Kila baada ya miaka mitatu au minne huupogoa tena mpaka chini, na mti hubaki vijiti vitupu. Akatabasamu na kusema, "Mgeni akiona shamba lililopogolewa hudhani limeungua. Kumbe mti uliotunzwa hivyo huweza kuishi miaka mia moja."

Niliyasikia maneno hayo kwa sikio moja, maana sikio la pili lilikuwa likisikiliza simu yangu, iliyokuwa ikinikumbusha deni.

JAMBO LA HISTORIA

Nilipumzika kidogo Kericho mjini, nikanywa chai, nikasoma na kuuliza habari za mahali hapo. Nami nataka nilitaje jambo moja kabla ya kuendelea, kwa sababu mtu akinena habari za kiasi katika nchi hii bila ya kulitaja atakuwa amesema nusu.

Katika miaka ya 1930, wakati biashara ya dunia ilipoharibika, chai ilikuwa nyingi kuliko wanywaji, na bei ikaanguka. Mwaka 1933 wakulima wa Bara Hindi, wa Ceylon na wa visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi walikubaliana kujipunguzia wenyewe. Katika mwaka wa kwanza, kwa kila ratili 100 walizokuwa na haki ya kuuza nchi za nje, waliuza 85 tu. Baadaye nchi za Afrika Mashariki nazo zilikubali kuweka mpaka wa upandaji wa mashamba mapya. Bei ikapanda. Hayo ni mapatano ya watu waliotambua ya kuwa mtaka yote hukosa yote.

Lakini Mwafrika wa Kericho hakuulizwa. Yeye alikatazwa kulima chai hata kabla ya mapatano hayo na baada yake, na ardhi nyingi iliyopandwa chai ilikuwa ya Wakipsigis na Watalai kabla haijatwaliwa. Mwaka 1934 serikali ya wakati ule iliwahamisha Watalai kwa nguvu na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ilipofika miaka ya 1950 ndipo wakulima Waafrika walipoanza kuruhusiwa kupanda chai yao, wakianza wa Nyeri na kufuatwa na wa sehemu nyingine, Kericho ikiwa mojawapo. Mwaka 1964 likaundwa shirika la kuwahudumia wakulima wadogo, ambalo tangu mwaka 2000 limekuwa kampuni ya wakulima wenyewe kwa njia ya viwanda vyao.

Nayasema hayo ili tusichanganye mambo mawili. Mpaka uwekewao na mwenye nguvu, huku yeye mwenyewe hana mpaka, si kiasi. Huo ni uonevu. Kiasi ni mpaka ambao mtu hujiwekea mwenyewe, akiwa huru, na akiwa na uwezo wa kuupita. Wazee wetu walionyimwa hawakufundishwa kiasi kwa kunyimwa. Walifundishwa njaa tu. Kwa hiyo mzee niliyekwenda kumwona, aliponiambia maneno yake, hakunena kama mtu aliyetosheka na umaskini. Alinena kama mtu mwenye mali, naye ajua ilivyopatikana.

NYUMBANI KWA MZEE

Kutoka Kericho nilipita Chemosit mpaka Litein, na kutoka huko nikapanda pikipiki kwenda upande wa Mogogosiek. Nilifika jioni, nguo zimelowa. Mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Chamgei," akaniamkia.

"Chamgei mising, Mzee," nikaitikia.

Mama wa nyumba akaleta chai ya maziwa katika birika kubwa. Nami kwa desturi yangu nikatia sukari vijiko vinne. Mama akanitazama, akacheka, akasema, "Mwanangu, hapa petu chai hunywewa ili usikie majani. Ukitia sukari hivyo, ungeweza kukaa Nakuru ukanywa maji ya moto." Nikaona haya kidogo, lakini nikanywa. Kikombe cha pili nilitia vijiko viwili, na kwa kweli nilisikia majani.

Baada ya chai nikapewa mursik, yaani maziwa yaliyolala katika kibuyu kilichosafishwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Ng'ombe wa nyumba hiyo ni wawili tu. Nilikuwa nimemwona kijana akikamua, naye alipofika mahali fulani aliacha, ingawa maziwa yalikuwa yakali yakitoka. Nikamwuliza kwa nini. Akajibu, bila kunitazama, "Hayo ni ya ndama." Akamfungua ndama.

Usiku ule sikusema shauri langu. Nilingoja wakati mwema.

MAJANI MAWILI NA CHIPUKIZI

Asubuhi, umande ukingaliko, tulikwenda shambani. Shamba la mzee ni kama ekari mbili. Wachumaji walikuwa wamekwisha anza, kila mmoja na kikapu mgongoni. Mbele yao juu ya miti waliweka ufito mrefu, mwepesi, ulionyoka. Kila kilichochomoza juu ya ufito kilichumwa. Kilichokuwa chini yake kiliachwa. Na hata katika hicho kilichochomoza hawakuchuma ovyo. Huchukua majani mawili machanga na chipukizi iliyo katikati yake, basi. Jani la tatu huachwa. Jani la nne halitazamwi.

Nikamwuliza mzee, "Mzee, kwani jani la tatu si chai? Si lina uzito? Nawe walipwa kwa kilo."

Akajibu, "Ni chai, na lina uzito kuliko yale mawili. Ndiyo maana laitwa jaribu."

Akanieleza. Majani machanga ndiyo yatoayo chai yenye rangi na ladha. Jani gumu huishusha chai yote ya kiwandani, hata ile ya jirani aliyechuma vizuri, maana majani ya wote huchanganywa. Tena jani lililoachwa si hasara: ndilo lilishalo mti, nao ukishiba hutoa chipukizi nyingine. Kwa hiyo mchumaji akiacha leo, baada ya siku saba mpaka kumi na nne atarudi kwenye mti ule ule, naye atakuta majani mawili mengine na chipukizi nyingine. Akiukwanyua wote leo, atabeba kikapu kizito mara moja, kisha atangoja sana.

Kabla ya saa sita tulibeba majani mpaka banda la kupimia. Wakulima walikuwa wamepanga magunia yao mstari. Karani wa mizani alimwaga kila gunia mezani, akayapekua majani kwa vidole, na ndipo akapima. Alipofika kwa jirani mmoja, aliyapekua mara mbili, akatoa kikonyo kimoja kirefu chenye majani manne, akakiinua juu bila kusema neno. Jirani akasema, "Bwana karani, hayo ni machache tu." Karani akamjibu, "Chambua, Baba, nitakungoja." Ikawa kazi ya nusu saa, mke na watoto wakachambua juu ya nyasi, na gunia likapungua robo yake. Hakuna aliyemcheka, kwa maana kila mmoja pale alikwisha simama mahali pale pa jirani siku moja au nyingine. Majani hayo lazima yafike kiwandani siku ile ile. Na kadiri ya kilo 4 na nusu za majani mabichi ndizo zitoazo kilo 1 ya chai kavu.

Tulipokuwa tukirudi, mzee alinihadithia kosa lake mwenyewe, nami nitalieleza kwa kifupi.

Miaka kadhaa iliyopita bonasi ilikuwa nzuri. Mzee akaona amefika. Akachukua mkopo juu ya bonasi ya mwaka unaofuata, akanunua gari dogo la mizigo lililokwisha tumika. Ili alipe mkopo akaanza kuchuma kila kitu, na yaliyokataliwa bandani akawauzia madalali wa magendo wapitao na magari usiku, ambao hawaulizi jani la tatu wala la nne. Sehemu ya shamba ilipofika wakati wa kupogolewa, hakuipogoa, maana mti uliopogolewa hauchumwi kwa miezi miwili au mitatu, naye alikuwa na deni lisilongoja. Mwaka wa kwanza alifanikiwa. Mwaka wa pili miti ikawa mirefu hata kifuani, wachumaji hawaifikii vizuri, na vikonyo vikalala bila kutoa chipukizi. Mwaka wa tatu shamba la ekari mbili lilitoa majani kama la ekari moja.

"Gari lile," akasema mzee, "lilikula chai yangu miaka mitatu. Kisha likasimama, nami nikaliuza kama vyuma."

Siku hizi hupogoa robo ya shamba kila mwaka, kwa zamu. Robo moja hupumzika na robo tatu hulisha nyumba. Akaniambia ya kuwa kupogoa ndiko kazi ngumu kuliko zote, si kwa mikono, bali kwa macho, kwa kuwa mtu hukata tawi ambalo bado linatoa.

SHAURI LANGU

Usiku wa pili nikasema shauri langu. Nilieleza cheo, nyumba, viti na mikopo ya simu. Nikapunguza kidogo habari za Ijumaa. Nikamwomba anikopeshe sehemu ya bonasi, nami nitamlipa kwa miezi kumi.

Mzee akanyamaza kwa muda. Kisha akaenda chumbani, akarudi na daftari la shule, akalifunua mezani chini ya taa. Katika ukurasa mmoja alikuwa ameandika kwa mkono wake: kila shilingi 100 itakayokuja, 40 ni karo ya Januari, 25 ni chakula na mambo ya nyumba, 20 ni vibarua na shamba, kwa maana mbolea yenyewe hukatwa katika malipo, na 15 hazitaguswi. Juu ya ukurasa palikuwa na tarehe. Ilikuwa ya mwezi wa Agosti.

"Tazama tarehe," akasema. "Niliandika kabla sijajua bonasi ni kiasi gani. Wakati ule fedha hazina utamu, hazina harufu, na mtu huweza kuzigawa kwa akili. Zikiisha kuingia mkononi, mkono hauna masikio. Basi fedha unazoniomba, mwanangu, si zangu tena. Zina wenyewe."

Nikasema, kwa sauti ya chini, "Na zile 15, Mzee?"

Mama ndiye aliyejibu. "Zile ni za usiku," akasema. "Mtoto akiugua usiku, au ng'ombe akifa, au mvua ya mawe ikipiga. Hata wewe, ukiugua, njoo usiku, tutafungua mlango. Lakini kwa viti?"

Sikuwa na la kujibu. Mzee hakunikemea. Akanipa kalamu na karatasi, akaniambia niandike madeni yangu yote, na mbele ya kila deni niandike lilitokana na nini. Niliandika kwa muda mrefu. Nilipomaliza nikasoma, na nilipokuwa nikisoma nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: hakuna deni hata moja lililotokana na njaa, wala ugonjwa, wala karo. Yote yalitokana na nyongeza ya mshahara. Nilikuwa mti wa chai ulioachwa urefuke. Juu nilikuwa mrefu na wa kupendeza, na hakuna mtu aliyeweza kunichuma jani.

Sisemi ya kuwa sikuona uchungu. Nililala nikiwa na hasira kidogo, hasa juu ya neno lile la viti.

UKINGO WA MSITU

Siku ya tatu kabla ya kuondoka, mzee alinipeleka kuuona ukingo wa msitu wa Mau. Shamba la watu huishia mahali, kisha hufuata ukanda wa chai ya serikali, na baada ya ukanda huo msitu husimama kama ukuta, mweusi, wenye ukungu. Ukanda huo ulianza kupandwa mwaka 1986, nao huitwa Nyayo. Makusudi yake ni kuwa mpaka: mtu akifika kwenye chai ajue ya kuwa amefika mwisho wa shamba lake.

Mzee alisema kwa masikitiko ya kuwa mpaka huo haukuheshimiwa kila mahali. Mwaka 2001 sehemu kubwa za misitu ya Mau zilitolewa katika hifadhi, wakubwa na wadogo wakagawana, na miti ikakatwa. Baadaye watu wengi walifukuzwa humo, na wenye kuumia zaidi walikuwa wale walionunua kwa jasho lao vipande vidogo kutoka kwa wakubwa. Na msitu huo ndio mama wa mito. Itare na Kipsonoi huingia Sondu na kwenda Ziwa Victoria. Nyangores, upitao karibu na hospitali ya Tenwek na Bomet mjini, huungana na Amala na kuwa mto Mara, ambao wanyama wa Maasai Mara na Serengeti huunywa. Ukungu wa msitu ndio unaoipa chai unyevu wakati mvua ikichelewa. Mkulima aukataye msitu ili aongeze chai ni kama mchumaji anayekula jani la tano na la sita mpaka amefika kwenye mzizi.

Nikamwuliza mzee kama yeye hakutamani kuvuka wakati ule. Akajibu, "Nilitamani sana. Rafiki zangu walivuka. Mimi sikuvuka kwa sababu sikuwa na fedha. Nililiwa na gari lile. Kwa hiyo usinisifu. Siku hizi nina fedha kidogo, na bado sivuki. Hapo ukipenda waweza kunisifu kidogo."

Tukacheka sote wawili, na hasira yangu ya usiku ikanitoka.

NILIVYORUDI

Nilirudi Nakuru na pakiti mbili za majani ya chai, bila hata shilingi moja ya mkopo. Tangu siku ile imepita miezi saba. Nimehamia nyumba ndogo. Viti niliviuza kwa hasara, nikafunga mkopo mmoja. Kabla ya mshahara kuingia, siku ya tarehe 20, huandika katika daftari jinsi utakavyogawanywa, nao ukiingia nakuta umekwisha semwa. Desemba nilianguka: nilivunja mpaka wangu kwa siku tatu za sikukuu, na hata leo nalipa siku hizo tatu. Lakini deni limepungua, limebaki karibu nusu yake. Ijumaa nakula na wenzangu kama zamani, ila kila mtu hulipa chake. Wawili wameacha kuja, na watatu wamebaki.

Wako wasomaji watakaosema, "Mambo ya kiasi ni ya maskini; mwenye nacho ale." Nami nawajibu ya kuwa maskini hana haja ya kuambiwa kiasi, mfuko wake humwambia kila siku. Aliye na haja ya mpaka ni yule aliyeongezewa: mkulima wa mwezi wa bonasi, karani wa siku ya mshahara, mfanya biashara wa msimu mwema. Nenda sokoni siku bonasi inapolipwa, uone wanaume walivyojaa vilabuni, na chang'aa inavyokwenda. Zamani katika nchi hii hii pombe ilikuwa ya wazee. Walikaa kukizunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija mirefu, na vijana hawakuruhusiwa kukisogelea. Chungu kilipokwisha, kilikwisha. Siku hizi chungu hakiishi, kwa sababu hakuna anayekitazama.

Wahenga walisema, chovya-chovya humaliza buyu la asali. Hawakukataza asali. Walitaka buyu lipatikane na kesho. Vivyo hivyo mkulima wa Konoin hakatazi majani. Kila baada ya wiki moja au mbili huchuma tena, mwaka baada ya mwaka, katika miti ile ile.

Basi, ndugu msomaji, ukinywa chai yako leo jioni, kumbuka ya kuwa ilifika katika kikombe chako kwa sababu mtu fulani, penye umande wa asubuhi, aliliona jani la tatu, akajua ya kuwa lina uzito na ya kuwa hakuna amwonaye, akaliacha. Nawe utafute jani lako la tatu ni lipi. Mimi langu nimekwisha lijua, nami naendelea kujifunza kuliacha.